Maswali ya Wasomaji: Saladi kwenye ndoo, bila udongo na bila pampu

Maswali mengi ya mwezi huu yamehusu haidroponiki, yaani kuotesha mboga kwenye maji yenye virutubisho badala ya udongo. Tumechagua matano.

Habari za kazi. Nimepanga ghorofa ya tatu, nina kibaraza kidogo na umeme hukatika mara kwa mara. Mitandaoni naona mabomba na pampu. Mimi nianzie wapi? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Salama, ndugu. Mabomba yaache kwanza. Kwenye mfumo wa bomba, umeme ukikatika mchana wa jua kali mizizi hukauka ndani ya saa chache. Anza na ndoo isiyo na pampu, mtindo aliouendeleza Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii.

Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Ya mafuta ya kula ni bora kuliko ya rangi ya ukuta. Ipake nje rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake: nyeusi huzuia mwanga, nyeupe hupunguza joto. Usiku weka tochi ya simu inayowaka ndani ya ndoo, funika, zima taa ya chumba. Ukiona mwanga unapenya ubavuni, paka tena, maana panapopita mwanga pataota utando wa kijani utakaokula mbolea yako.

Kwenye mfuniko toboa matundu matatu ya sentimita 5 kwa kisu kilichopashwa moto, yaachane kama sentimita 15. Vikombe vya mtindi vinafaa. Vitoboe pembeni na chini kwa msumari wa moto, na ukingo wake ushike juu ya mfuniko visitumbukie.

Mbegu zioteshe kwenye vipande vya sponji ya godoro vya sentimita 2.5, vilivyochanwa juu kidogo. Weka mbegu mbili kila kipande, usizizamishe, sponji ibaki na unyevu. Mbegu ya saladi hugoma kuota joto likizidi nyuzi 30 hivi, kwa hiyo trei ikae sakafuni ndani ya nyumba, si kwenye bati. Ikichipua, isogeze penye mwanga siku hiyohiyo. Ikicheleweshwa, mche hurefuka na kulala. Ng'oa ulio dhaifu. Mche ukiwa na majani halisi matatu au manne, uhamishie kwenye kikombe.

Jaza maji yenye mbolea hadi yalowanishe sentimita 1 ya kitako cha kikombe. Saladi moja hunywa takriban lita 4 mpaka kuvunwa, hivyo ndoo inatosha miche mitatu bila kuongeza kitu. Ipate jua la asubuhi, na kivuli kuanzia saa sita mchana.

Nina NPK ya shambani na urea zilizobaki msimu uliopita. Siwezi kuziyeyusha tu kwenye maji? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Udongoni urea hubadilishwa na bakteria kuwa naitreti kabla mmea haujaila. Kwenye ndoo bakteria hao ni wachache, na amonia inayotokana na urea hurundikana na kuunguza mizizi. NPK ya 17-17-17 (namba hizo ni viwango vya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mfuatano huo) nayo haina kalsiamu ya kutosha, na kwa kawaida haina chuma, boroni, zinki, shaba, manganisi wala molibdeni. Shambani udongo huziba pengo hilo. Ndani ya maji hakuna wa kuliziba. Maji ya samadi ndiyo kabisa: yanaoza na kumaliza hewa.

Ulizia agrovet vitu vitatu: NPK ya haidroponiki yenye madini madogomadogo (mara nyingi huwa na naitrojeni kidogo na potasiamu nyingi, kwa mfano 4-18-38), kalsiamu naitreti inayoyeyuka yote, na magnesiamu salfeti, ambayo ndiyo chumvi ya Epsom. Kwa lita 20 za maji, kwa mboga za majani, pima gramu 8 za NPK, gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu 8 za kalsiamu naitreti. Ukikuta mchanganyiko wa namba nyingine, fuata vipimo vya pakiti yake. Tumia mizani midogo ya gramu, kijiko hudanganya.

Yeyusha NPK kwanza, kisha magnesiamu, koroga hadi usione chembe. Kalsiamu iyeyushe pembeni kwenye jagi la maji, uimimine mwisho. Ukizichanganya zikiwa kavu au nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti na kutuama chini kama unga mweupe. Unga huo mmea hauwezi kuunywa, hata ukoroge vipi.

Kila asubuhi naijaza ndoo mpaka juu, lakini saladi zimenyauka na mizizi imekuwa ya kahawia. Zinakosa nini? (Msomaji, Mombasa)

Hewa. Maji yanaposhuka, mizizi ya juu huota vinywele vya kuvuta hewa kwenye nafasi iliyobaki wazi, na ya chini huendelea kunywa. Ukijaza tena hadi juu, unaizamisha ile ya hewa. Acha maji yashuke. Yakibaki robo ya ndoo kabla ya mavuno, ongeza lita 3 au 4 tu.

Kwa Mombasa joto nalo lina lawama. Maji yakifika nyuzi 28 hivi hushika oksijeni kidogo, na vimelea vya kuozesha mizizi hustawi. Nusa ndoo: ikinuka uozo na mzizi ukivutwa unavuka gamba na kubaki uzi, tupa miche hiyo, osha ndoo kwa maji na jiki, suuza sana, uanze upya. Ukipanda tena, weka ndoo sakafuni penye kivuli na uifunge gunia lililoloweshwa.

Majani machanga yana manjano lakini mishipa imebaki kijani. Natumia maji ya kisima. (Msomaji, Kigamboni)

Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, na mara nyingi chuma kipo ndani ya maji ila mmea haukifikii kwa sababu pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (namba ikipanda, uchachu umepungua), iko juu. (Yangekuwa majani ya chini yote manjano, tungeshuku naitrojeni.) Nunua matone ya kupimia pH. Lengo ni 5.5 hadi 6.5. Ndimu au siki huishusha, lakini baada ya siku chache hupanda tena. Asidi ya fosforiki iliyozimuliwa ndiyo hudumu. Vaa glavu, na daima mimina asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi.

Kisha onja maji ya kisima kabla ya kuweka mbolea. Yakiwa na ladha ya chumvi, hakuna mbolea itakayoyarekebisha. Kinga maji ya mvua uyatumie badala yake, au changanya nusu kwa nusu.

Mama mwenye nyumba analalamika kwamba ndoo zangu zitazaa mbu. Na je, naweza kupanda chochote? (Msomaji, Temeke)

Analalamika kwa haki. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji yaliyotulia. Ziba kila mwanya kwa kipande cha chandarua na gundi, hasa pembeni mwa vikombe, na usiache tundu lisilo na mche.

Viazi mviringo, karoti na vitunguu maji visahau. Nyanya huhitaji ndoo nzima kwa mche mmoja na maji ya kuongezwa kila mara, si kazi ya kuanzia. Sukuma wiki, mche mmoja kwa ndoo, inakubali. Chainizi, mrehani na nanaa pia. Joto la Dar likizidi, saladi hutoa shina la maua na majani huwa machungu, basi miezi hiyo panda matembele: kata kipande cha shina cha sentimita 20, ondoa majani ya chini, kitumbukize kwenye kikombe bila sponji. Siku chache tu utaona mizizi.