Mkuu, futa kwanza hilo tangazo la kutafuta wasanidi 30

Kama hujalirusha, liache hapohapo lilipo. Kama umesharusha, lishushe, halafu urudi usome.

Nimeelewa swali: mko wawili, mna programu huria (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuboresha) ya kupanga nyaraka, mnataka wasanidi, yaani waandishi wa programu, wa kujitolea 30 kabla mwezi haujaisha. Unauliza tangazo liandikweje, kundi la gumzo lifunguliwe wapi, leseni ibaki au ibadilishwe, na kama stika zinavuta watu. Nilipofika kwenye hiyo 30 niliweka simu chini nikazunguka chumba mara mbili. Maana wewe unataka 30, mimi niliwapata 41. Tena kwa wiki moja.

Ninatunza programu huria ya kurekebisha manukuu ya video, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Nilikuwa peke yangu, nimechoka, hitilafu zinaripotiwa kuliko ninavyozifunga. Ndipo nikahudhuria darasa la mtandaoni la bwana mmoja anayejiita mshauri wa jumuiya za programu huria. Simtaji. Slaidi 60, na karibu kila moja ina picha ya mikono iliyoshikana. Akatuambia tatizo letu ni kuficha mlango: "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Waite, kazi itajigawa yenyewe." Nikapiga makofi, tena peke yangu chumbani. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kuangalia hazina yake ya msimbo: ilikuwa na faili moja tu, README, ile ya utangulizi, yenye mchoro wa roketi. Huyo ndiye aliyenifundisha kupokea viraka vya watu, yaani mabadiliko ya msimbo wanayoyaleta.

Basi nikapiga mbiu kila mahali. Nikaweka alama ya "inafaa kwa anayeanza" kwenye kazi 27. Watu 41 wakajitambulisha, na siku kumi baadaye nilikuwa na viraka 23 vinasubiri. Nilipiga picha ya skrini nikawatumia marafiki, nikijiona nimekuwa Linus Torvalds, yule mwanzilishi wa Linux.

Hesabu ambayo sikuifanya ni hii. Kiraka cha mtu mpya kilinila saa moja na robo. Kusoma ni sehemu ndogo tu ya kazi. Unakishusha, unakiendesha kwenye mashine yako, unagundua kimevunja kitu cha pembeni, unatafuta namna ya kumweleza mtu usiyemjua bila kumvunja moyo. Viraka 23 ni karibu masaa 29. Mimi nilikuwa na masaa manne kwa wiki baada ya kazi ya mshahara. Hizo ni wiki saba na ushee, na hapo ni raundi ya kwanza tu, hakuna aliyerekebisha akarudisha. Fred Brooks, aliyesimamia miradi mikubwa ya programu IBM, alishasema mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa ni kuuchelewesha zaidi. Nilikuwa naijua hiyo kauli, nilidhani inawahusu wenye mameneja.

Wengi wa wale 41 waliyeyuka kimyakimya na wala hawaniumi. Anayeniuma ni mmoja.

Alichukua kazi ambayo mimi niliikimbia miaka miwili: manukuu ya Kiarabu na Kiebrania. Faili za aina ya srt hazisemi kokote kwamba maandishi yanasomwa kutoka kulia, kwa hiyo nukta inarukia mwanzo wa sentensi, mabano yanageuka, vurugu tupu. Mtu huyu alileta mistari kama 300, nusu yake majaribio, na maelezo niliyoyaelewa kwa kusoma mara moja. Kazi safi kuliko yangu, nasema bila unafiki. Niliiona siku ileile. Nikajiambia hii inahitaji akili iliyotulia, nitaisoma wikiendi.

Ikapita wiki tano.

Katikati ya hizo wiki nilikuwa naunganisha mabadiliko yangu mwenyewe kwenye programu, maana ya kwangu hayahitaji kumwelezea mtu. Kila nikiunganisha, tawi lake, yaani nakala yenye mabadiliko yake, linagongana na la kwangu, na mashine inamtumia taarifa. Nikamwandikia mstari mmoja: "Tafadhali rekebisha migongano." Akarekebisha. Nikaunganisha tena vyangu. Akarekebisha mara ya pili, bila lawama. Mara ya tatu nikaona aibu, na sijui ni shetani gani alinishauri, Jumapili usiku nikaandika suluhisho langu fupi la mistari 40, nikaliunganisha, nikafunga ombi lake la kuunganishiwa kazi kwa maneno haya: "Asante, tayari nimelishughulikia."

Akajibu: "Sawa, asante kwa muda wako."

Muda gani sasa? Sikumpa hata dakika kumi! Angenitukana ningelala vizuri.

Miezi minane baadaye mtumiaji akaripoti kwamba mstari wa Kiarabu wenye jina la Kilatini na mwaka ndani yake unatupa namba upande usio wake. Nikahangaika jioni tatu. Ya nne nikakumbuka lile ombi nililolifunga, nikalifungua. Jaribio la saba katika orodha yake lilikuwa ni hitilafu hiyohiyo, imeelezwa, imetatuliwa. Nikatoa mistari yangu 40, nikaweka yake, jina lake juu. Nikamwandikia kuomba radhi na kumwomba arudi. Alijibu kwa upole kwamba amefurahi imesaidia, ila sasa yuko kwenye mradi mwingine na wanamtegemea. Nenda kauangalie huo mradi: hitilafu zake zinafungwa haraka ajabu. Mimi nimejifunza kutouangalia, isipokuwa kila Jumatatu.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye programu huria mgeni anakuja na jembe lake mkononi siku ya kwanza, ameshalima na tuta moja, na wewe mwenyeji hata hujatoka nje kumwitikia hodi. Hizo siku mbili ni zako wewe. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, waliwahi kuwafuatilia wachangiaji wao: ambao kiraka chao cha kwanza kilipitiwa ndani ya masaa 48 walirudi kwa wingi sana, na waliosubiri zaidi ya siku saba karibu hakuna aliyerudi. Wiki tano zangu zihesabu mwenyewe.

Kwa hiyo usianze na idadi ya watu unaowataka. Anza na masaa ambayo wewe na mwenzako mnaweza kuyaweka kusoma kazi za wengine, yaandikeni kwenye kalenda, halafu karibisheni wanaotosha humo ili kila kiraka cha kwanza kipate jibu la binadamu ndani ya siku mbili. Hata jibu la "nimeiona, nitaisoma Alhamisi" linatosha, mradi Alhamisi ikifika uisome kweli. Mimi napokea watatu kwa wakati mmoja. Sipigi mbiu tena: nawafuata walioripoti hitilafu kwa maelezo mazuri, nawauliza mmojammoja kama wangependa kuitengeneza wenyewe. Na kazi niliyoiwekea alama ya wageni siigusi hata ikiniwasha. Katika zile 27, 11 nilizimaliza mwenyewe usiku mmoja kwa sababu "ni dakika kumi tu", watu wakafika wakakuta meza imeshafutwa.

Atakuja mtu hapa chini kukwambia kama kusoma kunakulemea, gawa funguo tu, kila anayeleta kiraka kizuri aruhusiwe kuunganisha. Mwulize kuhusu xz, programu huria ya kubana faili. Mtunzaji wake Lasse Collin alikuwa amechoka kama mimi na wewe, na mwaka 2022 zikajitokeza akaunti za kumlalamikia kwamba viraka vinachelewa, aongeze mtunzaji. Akaongezwa "Jia Tan", mtu asiyejulikana ni nani hasa, na Machi 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakakutwa na mlango wa siri. Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, mkuu.

Stika? Nilichapisha 200. Ninazo 188.

Sasa nijibu wewe: Jumanne ijayo usiku, kati yako na mwenzako, nani atakuwa amekaa anasoma viraka, na kwa masaa mangapi? Ukinipa jina na namba nitakusaidia kuandika hilo tangazo. Ngoja niishie hapa, kuna kiraka cha mtu mpya kimeingia tangu jana jioni na sijakifungua.