Ghala la data halijafa
Wapo wanaosema klaudi (seva za kukodi kupitia intaneti) imeua ghala la data, yaani hifadhi kubwa inayokusanya data za kampuni kwa ajili ya uchambuzi. Hapana, haijaliua, limehamia huko tu. Zamani kampuni ilinunua seva zake, data inapakiwa usiku, asubuhi bosi anapata ripoti ya jana basi. Kwenye maghala ya klaudi kama BigQuery au Snowflake kuhifadhi kumetenganishwa na kuchakata, kwa hiyo unaongeza nguvu ya kompyuta kazi ikiwa nzito halafu unapunguza, na data inaweza kuingia muda wowote, ndo maana siku hizi ghala linatumika hata kufundishia modeli za kutabiri mauzo sio ripoti peke yake. Mi hii ndo kazi yangu ya kila siku. Ila msilifanye databesi ya kupokea oda, kusoma mamilioni ya rekodi kwa mpigo linaweza sana, kubadilisha rekodi mojamoja linasuasua.