Kabla Hujaweka Kizimba Bunyonyi, Yajue Maji

Huku Kabale, Uganda, kando ya Ziwa Bunyonyi, vijana wengi huniuliza bei ya vifaranga wa sato. Kabla ya bei, mimi huuliza: kizimba, yaani ule wavu wa kufugia samaki ziwani, utakiweka wapi? Wengi hujibu kwamba wameona kighuba kilichotulia, nyuma ya kilima, hakuna upepo. Hapo moyo hunishtuka, maana ndivyo nilivyochagua mimi.

Maji yalikuwa kama kioo na mtumbwi ulifika bila taabu. Halafu ukaja usiku wa mvua, upepo na baridi kali. Alfajiri nikakuta maji yamechafuka, yananuka yai viza, sato wangu wanaelea matumbo juu. Mzee mmoja mvuvi alisimamisha mtumbwi wake. "Pole sana, mwanangu. Ziwa limepinduka." Sikumwelewa. Nilidhani nimetiliwa sumu.

Maziwa yetu, Bunyonyi na hata Mutanda kule Kisoro, ni mabonde yaliyozibwa na lava ya volkano. Ni ya kina, na kingo zake huteremka ghafla. Jua hupasha maji ya juu, ya chini yakabaki baridi na mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Chini kila kinachooza hula oksijeni hadi iishe, kisha huzaliwa ile gesi ya yai viza. Upepo na baridi vikija kwa nguvu, maji ya chini hupanda na samaki hukosa hewa. Katika miaka ya 1960 samaki wa Bunyonyi walikufa kwa wingi kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo utulivu ule niliopenda ndio uliokuwa hatari: palipo na upepo kidogo kila siku, maji ya juu hupata kuchanganyika polepole.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wa Ziwa Viktoria hawalisikii kwa ukali kama sisi. Bunyonyi iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 20 pwani huweza kubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Huku juu hayafiki 7 na nusu. Tunaanza na akiba ndogo. Tena sato hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na maji yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana. Mimi nilifuata kipimo cha chakula nilichopewa na mtu wa Jinja, kule Ziwa Viktoria. Nusu ya chakula kilizama, kikaoza chini ya kizimba changu mwenyewe. Lisha kidogokidogo, na wakiacha kukimbilia chakula, acha.

Azima au nunueni kwa kikundi kipimo cha oksijeni, na pimeni saa 11 alfajiri. Mchana mwani, ile mimea midogo sana inayoyafanya maji yawe ya kijani, hutoa oksijeni na kukudanganya. Usiku nao huivuta. Pimeni juu, kisha mita moja moja kwenda chini hadi chini ya wavu. Ikishuka chini ya miligramu 3, hapo si mahali pa samaki.

Msio na kipimo, chukueni sahani ya sentimita 20, igaweni robo nne, mzipake nyeusi na nyeupe kwa kupishana, ishusheni kwa kamba hadi ipotee machoni, andikeni kina. Kina kikipungua baada ya mvua, ni udongo wa mashamba ya viazi. Kikipungua bila mvua, ni mwani, na mara nyingi mbolea ndiyo inayoulisha. Ndiyo maana nawasihi majirani wasikate mafunjo ya ukingoni na watunze matuta kule juu.

Na siku mkiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, msiwape chakula kabisa. Kivuteni kizimba taratibu hadi maji ya wazi, na wale waliofikia uzito wa sokoni wavueni asubuhi hiyohiyo wangali hai.