Shangazi, kodi ya soda inamwibia maskini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, na mwaka jana nilichukua duka dogo la kona huku Southwest Philadelphia kutoka kwa mzee aliyestaafu. Tangu hapo ni ugomvi wa soda tu. Wateja wanaona bei ng'ambo ya kijito cha Cobbs Creek, kule Upper Darby nje ya jiji ambako kodi ya soda haipo, kisha wanakuja kuniambia mimi ni mwizi. Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori la kusambaza vinywaji. Anasema kodi ya jiji ni wizi kwa maskini na kwamba watoto walitumiwa kama ngao ili ipite. Mke wangu anamwambia anyamaze, kwa sababu binti yetu anasoma chekechea ya bure inayolipiwa na kodi hiyohiyo. Chakula cha Jumapili kimegeuka mahakama. Nani mwenye haki? Halafu, naweza kununua soda za jumla nje ya jiji nikaziuza dukani kwangu bila kodi?
— Mwenye duka, Southwest Philadelphia

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukufungia duka. Usithubutu. Kodi ile, senti 1.5 kwa kila aunsi (karibu mililita 30), inamdai msambazaji anapokuletea mzigo. Ukinunua kwa msambazaji aliyesajiliwa na jiji, yeye ndiye anayeilipa, nawe unaikuta imeshaingia kwenye ankara. Ukienda kujaza gari kwa muuzaji asiyesajiliwa, deni halifutiki, linahamia kwako: wewe ndiye unayetakiwa kujiandikisha na kulilipa. Tunza kila ankara, hata iliyochakaa. Siku wakaguzi wakija, karatasi ndiyo itakayokusemea.

Sasa ya kaka na mkeo. Mimi na marehemu mume wangu tuliendesha duka Woodland Avenue, na kodi ilipoanza tarehe 1 Januari 2017 nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta. Tulikuwa na soda ya lita 2 isiyo na jina kubwa, tukiiuza dola 1. Chupa hiyo ni aunsi 67.6. Piga hesabu: kodi peke yake ni dola 1 na senti moja. Bei ikawa maradufu usiku mmoja. Pembeni yake, kwenye friji, kulikuwa na chupa ya aunsi 20 ya kampuni inayojulikana, tukiiuza karibu dola 2. Hiyo iliongezeka senti 30.

Jambo hili sikulisikia likisemwa na wanasiasa wa upande wowote, ila mwenye duka analiona mchana kweupe. Kodi haiangalii bei, inaangalia ujazo. Mama anayenunua cha bei rahisi ili kiwatoshe watoto wanne ndiye aliyeumia zaidi, na kijana anayejinunulia chupa moja baridi hakushtuka sana. Kwa hiyo kaka yako anaposema mzigo unamlemea maskini, amesema kweli. Bernie Sanders alisema hivyohivyo mwaka 2016 alipokuwa akigombea urais, na Hillary Clinton, mpinzani wake katika kuwania tiketi ya chama cha Democratic, akaiunga mkono kodi kwa ajili ya chekechea. Unaona basi kwamba kesi ya mezani kwako si ya aibu. Watu wazima wenye nia njema waliigombania.

Lakini neno wizi silikubali. Mwizi hakuonyeshi alichokinunua kwa pesa yako.

Meya Michael Nutter alijaribu kodi hii mwaka 2010 na tena 2011, akashindwa mara zote mbili. Jim Kenney alipokuja kumrithi umeya aliacha kuhubiri afya. Alizungumzia nafasi za chekechea, shule za jamii, viwanja vya michezo, bustani na maktaba. Aliomba senti 3 kwa aunsi, na Juni 2016 baraza la jiji likampa 1.5, kwa kura 13 dhidi ya 4. Januari iliyofuata watoto 2,000 wakapata nafasi. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yetu, binti mwenye macho makubwa ambaye mama yake alikuwa akimwacha kwa huyu leo, kwa yule kesho, ili aende kusafisha ofisi. Alikuja dukani na mkoba mgongoni, akanisomea herufi zilizoandikwa kwenye boksi la sabuni. Tangu siku ile sijaweza kuisemea vibaya kodi hii kwa moyo mmoja. Mkeo anakijua ninachokisema.

Fananisha na Kaunti ya Cook, kule Chicago. Kodi yao ya senti 1 kwa aunsi ilianza Agosti 2017 na Oktoba hiyohiyo wakapiga kura ya kuifuta. Hadi Desemba ilikuwa imekwisha. Kule pesa zilikuwa za kuziba pengo la bajeti, na pengo la bajeti halina sura ya mtoto. Mwananchi anayelipa anataka kuona.

Ndiyo maana nakuomba usimnyamazishe kaka yako akiuliza pesa ziko wapi. Hilo ndilo swali la kushikilia. Wafanyabiashara wa vinywaji walikwenda mahakamani, na mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo letu la Pennsylvania ilipoipitisha kodi Julai 2018, kwa majaji 4 dhidi ya 2, jiji liliogopa kuzitumia pesa nyingi zilizokusanywa. Nafasi za watoto zikachelewa kuongezeka, na ukarabati wa viwanja ukachelewa zaidi. Tulikuwa tumeshaanza kulipa. Hesabu nazo hazikutimia: walitarajia zaidi ya dola milioni 90 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza zikaingia karibu milioni 79.

Pengo hilo la mapato lina habari nzuri na mbaya kwa pamoja. Watafiti walilinganisha mauzo ya maduka makubwa mwaka 2016 na 2017, matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la JAMA. Ndani ya jiji mauzo ya vinywaji vinavyotozwa yalishuka asilimia 51. Sehemu ya wanunuzi ilivuka tu mpaka. Ukiwaondoa hao, upungufu wa kweli ni asilimia 38. Kwa hiyo mteja wako anayekwenda Upper Darby yupo, hukumuota. Ila wengi zaidi walipunguza kunywa. Na kila anayepunguza anapunguza pia pesa ya chekechea. Sipendi elimu ya mtoto itegemee watu kuendelea kunywa kitu kinachowadhuru, na diwani yeyote akipita mtaani kwenu kuomba kura, mwulize hilo kabla hujamuuliza taka zitazolewa lini.

Nimesema kinachowadhuru kwa sababu nimekizika. Mume wangu alikunywa makopo matatu kwa siku, kutoka rafu yetu wenyewe. Kopo la kola la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Makopo mawili umeshavuka. Kisukari kilimchukua mguu kwanza, yeye akafuata. Sisemi soda peke yake ilimuua, maana urithi ulikuwepo na kazi ya kusimama ilikuwepo. Nasema ningependa makopo yale yangekuwa ghali mapema.

Kwa wateja, bandika karatasi karibu na friji: bei ya soda ni kiasi hiki, kodi ya jiji ndani yake ni kiasi hiki. Mtu akiona hesabu hasira inapungua. Usisambaze kodi hiyo kwenye mkate na maziwa kama walivyofanya baadhi ya wenzetu, maana hapo ndipo utastahili lile jina wanalokuita. Maji yaweke mbele, usawa wa macho. Hayatozwi.

Na Jumapili ijayo, kabla ya chakula, mwulize kaka yako faraghani analipwaje. Kama analipwa kwa katoni anazoshusha, basi hapiganii soda, anapigania mkate wake, na mmekuwa mkimjibu kwa habari za chekechea. Msikilizeni kwanza kama mtu aliyepungukiwa mshahara.

SWALI: Shangazi, nina kisukari na nilihamia soda isiyo na sukari kwa amri ya daktari. Kwa nini nami nitozwe kodi ileile?
— Mama wa watoto wawili, West Philadelphia

JIBU: Kwa sababu ya maafikiano ya kisiasa, mwanangu, si ya kitabibu. Ili kuishusha kodi kutoka senti 3 na bado pesa zitoshe, walipanua kapu na kuingiza hata zisizo na sukari. Mimi nadhani walikosea. Uingereza, tangu Aprili 2018, inatoza kwa kiwango cha sukari: chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hulipi kitu, ukifika 8 unalipa zaidi. Viwanda vingi vikapunguza sukari vyenyewe ili kukwepa. Kodi ya Philadelphia haimpi mtengenezaji sababu ya kufanya hivyo.

Kwa watoto wako, soma lebo ya juisi. Ikiwa zaidi ya nusu ni tunda lenyewe, au zaidi ya nusu ni maziwa, haitozwi. Muuzaji akikuambia vinginevyo, mwonyeshe lebo. Na juisi halisi nayo ina sukari, wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwa hiyo wamiminie kikombe kidogo.