"Hana cha kupoteza": seli shina na jeraha la uti wa mgongo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 26. Alipata ajali ya pikipiki miezi minne iliyopita, akavunjika pingili ya kumi ya kifua, na kwenye ripoti wameandika T10, ASIA A. Tumepata kliniki mtandaoni inayosema itachukua mafuta ya tumbo lake, itatoa humo seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine), kisha itamchoma mgongoni mara tatu. Wanasisitiza tusivuke miezi sita. Wametutumia na video ya kijana mwenye jeraha kama lake akichezesha miguu. Tunajua hakuna uhakika, lakini seli ni zake mwenyewe na hana cha kupoteza. Tumpeleke?

JIBU: Marahaba. Msimpeleke.

Mambo ya T10 na ASIA A naona mmeshaelezwa, kwa hiyo sitayarudia; kwa wasomaji wengine niseme tu kwamba ASIA ni madaraja ya ukali wa jeraha la ugwe, kuanzia A, lililo baya kuliko yote, hadi E, hali ya kawaida. Nitashika ile sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo ninayoisikia kila familia inapoingia chumbani kwangu na simu mkononi, na ndiyo inayowatajirisha watu hawa. Mdogo wako anacho cha kupoteza, tena kingi.

Kwanza tumalizane na video. Ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, ukiumia vibaya, misuli iliyo chini ya jeraha hulegea kabisa kwa siku au wiki kadhaa. Baadaye sehemu ya ugwe iliyobaki chini huanza kujifanyia kazi bila amri ya ubongo, na hapo mikazo huingia. Ukivuta shuka, goti linapanda. Ukigusa unyayo, vidole vinajikunja na kifundo kinadundadunda. Ndugu huangua kilio cha furaha. Mimi humwambia mgonjwa afumbe macho, simgusi, kisha namwomba anyanyue kidole gumba cha mguu wa kushoto, akishushe, akinyanyue tena. Kikitii kila mara, hapo tuna la kuzungumza. Kikiruka kwa wakati wake chenyewe, huo ni mkazo. Itazameni tena video yenu: kuna mahali kijana anaambiwa "acha" naye akaacha? Au kuna mkono wa mtu pembeni umeshika unyayo?

Na hata nafuu ikiwa ya kweli, bado hatujui imeletwa na nini. Kati ya wanaopimwa ASIA A siku za mwanzo, takriban 2 katika 10 hupanda daraja ndani ya mwaka mmoja bila kuchomwa seli yoyote. Walioumia kifuani hupanda wachache kuliko walioumia shingoni, lakini wapo. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo huja katika miezi 3 ya kwanza, kisha kasi hupungua. Anayemchoma mgonjwa wakati mwili wake bado unajirekebisha hujitwalia sifa za kazi ya mwili. Sasa mnaelewa haraka ya "msivuke miezi sita" inatoka wapi.

Nisieleweke vibaya, utafiti wenyewe upo na ni wa kuheshimiwa. Tangu Ramón y Cajal, mtafiti wa neva wa Hispania, mwanzoni mwa karne ya 20 tunajua kwamba nyuzi za neva ndani ya ugwe zikikatwa hujaribu kuchipua, kisha hukwama. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal walionyesha kwa panya kwamba nyuzi hizohizo hukua mbali zikipewa kipande cha neva ya mguuni kama njia. Kumbe uwezo zinao, ila mazingira yanazizuia. Martin Schwab wa Zurich akaonyesha kizuizi kimoja, protini ya Nogo-A, iliyomo kwenye ala inayozizunguka nyuzi. Kingamwili ya kuikabili iliwasaidia panya na nyani. Ilipojaribiwa kwa watu walioumia shingo, wengine wakipewa dawa na wengine kiowevu kisicho na dawa, matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2024 hayakuonyesha tofauti ya maana katika nguvu za mikono kwa wagonjwa wote kwa jumla. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 30 ya mwanasayansi makini, na jibu likawa "bado". Halafu kliniki ya mtandaoni inawaambia dozi tatu zinatosha.

Watu hudhani jeraha la ugwe ni shimo linalongoja kujazwa seli. Nyuzi zilizokatika zinatakiwa zivuke kovu, zisafiri umbali mrefu, zipate seli sahihi upande wa pili, ziungane nazo na zivishwe ala upya. Kumwaga saruji mtoni hakuleti daraja. Seli za mafuta ya tumbo hazigeuki kuwa ugwe mpya. Zikisaidia, inadhaniwa ni kwa kutoa kemikali zinazotuliza uharibifu unaoendelea. Zile zinazochomwa kwenye mshipa wa damu, nyingi huishia kunasa kwenye mapafu.

Mtaniambia mbona hospitali kubwa zinajaribu mafuta hayohayo. Ni kweli. Mayo Clinic ya Marekani ilichapisha mwaka 2024 jaribio la watu 10, na 7 kati yao walipanda daraja la ASIA. Watafiti wenyewe walilifanya kupima usalama, bila kundi la kulinganishia. Japani iliruhusu kwa masharti mwaka 2018 tiba ya Stemirac, ya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kwa kutegemea wagonjwa 13, nayo bila kundi la kulinganishia. Wataalamu wengi waliilaumu hatua hiyo hadharani, na mimi nawaunga mkono: ukishaanza kuiuza tiba, nani atakubali tena kupangwa kwa bahati nasibu, apewe au asipewe, ili ijulikane kama inafanya kazi? Kuna pia kazi ya Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, inayotumia seli za mtu mzima zilizorudishwa katika hali ya ushina. Walipandikiza seli milioni 2 kwa kila mgonjwa kati ya siku ya 14 na ya 28 baada ya ajali. Mwaka 2025 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 4 hakuna aliyepata madhara makubwa, na 2 walipata nafuu ya misuli. Wagonjwa wanne! Na hao ndio walio mbele kabisa.

Sasa turudi kwenye kupoteza. Kijana mmoja wa kike, Mmarekani, alipandikizwa huko Lisbon tishu ya pua yake mwenyewe kwenye ugwe uliojeruhiwa, kwa matumaini kwamba seli shina zilizomo zingeotesha neva. Hakupona. Miaka 8 baadaye maumivu ya mgongo yalimrudisha hospitali, na wapasuaji wakakuta uvimbe wa tishu ya njia ya hewa unaotoa ute kama kamasi ndani ya ugwe wake. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2014. Zilikuwa seli zake mwenyewe.

Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za mwanamume aliyekuwa na kiharusi. Alizunguka kliniki za China, Argentina na Meksiko akichomwa seli za watu wengine katika maji ya uti wa mgongo. Uvimbe ukaota mgongoni, seli zake nyingi zikiwa si za mwili wake, na miguu ikapooza. Huyu aliingia akiwa na uti wa mgongo mzima. Mwaka 2017 jarida hilohilo likaeleza wanawake 3 waliochomwa machoni, huko Florida, seli za mafuta ya tumbo yao wenyewe, macho yote mawili kwa siku moja. Walipofuka au wakabaki wakiona kwa shida sana. Walikuwa wamelipia.

Mdogo wako ana mikono mizima, pumzi nzima, na kwa jeraha la T10 ana sehemu kubwa ya misuli ya tumbo inayomshikilia akikaa. Sindano ya mgongoni ikileta homa ya uti wa mgongo, au kovu jipya likipanda juu ya jeraha, hivyo ndivyo vitakavyoguswa. Maumivu ya neva yakianza huwa hayatulii kirahisi. Zaidi ya hayo, majaribio mengi ya kweli humkataa mtu aliyekwisha kuchomwa seli, kwa sababu haiwezekani tena kujua kipi kimefanya nini. Mnajifungia mlango ambao siku moja huenda ungefunguka.

Kitu cha kumfanyia mwezi huu: arudiwe kipimo kamili cha ASIA, na daktari asiruke sehemu ya haja kubwa, yaani eneo la neva za chini kabisa, S4 na S5, kwa aibu. Pale ndipo A, isiyo na hisia yoyote hapo, hutofautishwa na B, yenye hisia iliyobaki, na nimeshaona ripoti zilizoandikwa A bila mtu kuvaa glavu. Apimwe figo na kibofu, ngozi ya makalio na visigino ikaguliwe kila siku, na mazoezi yasikatike.

Kwa wengine wanaosoma hili wakiwa na mgonjwa wao nyumbani: anayekutoza ili uingie kwenye "utafiti" wake anakuuzia bidhaa. Anayetibu uti wa mgongo, kisukari, usonji na magoti kwa chupa moja hajui hata kimoja. Msidanganywe na namba ya usajili kwenye ClinicalTrials.gov, ile ni orodha ya mtandaoni ya tafiti, ya Marekani, mtafiti hujiandikisha mwenyewe, na kuwemo humo si kibali. Kliniki ile ya macho ya Florida nayo ilikuwa na utafiti uliosajiliwa humo. Ulizeni nani atampima mgonjwa kabla na baada, na kama mtu huyo hajui nani kachomwa nini. Ulizeni pia nani atamfuatilia baada ya miaka 5 au 10, kwa jina na kwa maandishi. Wakianza kukujibu kwa video nyingine, kata simu.