Re: Sauti ya WhatsApp kuhusu dawa ya viwavijeshi, maktaba inasaidia?

Mkuu uliyeko Mbozi, umeuliza kama maktaba ya mkoa pale Mbeya inaweza kukusaidia kuipima ile sauti ya "dawa mpya ya viwavijeshi vamizi", wale viwavi wanaoshambulia mahindi. Inaweza. Ila usiingie na swali la "hii ni kweli?", maana mkutubi si mtaalamu wa wadudu; kazi yake ni kukufikisha kwenye chanzo. Andika kwanza kwenye karatasi: kiambato cha dawa, yaani kemikali inayoua mdudu (jina la biashara halitoshi), kipimo, nani kasema, lini. Sauti isiyotaja kiambato wala tarehe haina cha kuhakikiwa, iache hapohapo.

Mkifungua mtandao wewe na mkutubi, msikae kwenye ukurasa uleule mkikagua nembo na anwani. Utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 2017, ulionyesha hata wanahistoria hunaswa hivyo. Wahakiki wa habari waliutoka ukurasa upesi, wakafungua mingine kuona wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Nanyi tafuteni jina la msemaji, kisha kiambato. Picha ya mdudu itafuteni kwa picha yenyewe, mara nyingi utakuta ni ya zamani au ya nchi nyingine.

Rafuni, wadudu na magonjwa ya mimea wako namba 632 ya Dewey, mfumo wa namba wa kupanga vitabu maktabani. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaamini kitabu kwa sababu ni kitabu. Angalia mwaka, uko nyuma ya ukurasa wa jina. Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika mara ya kwanza 2016, kwa hiyo kitabu cha 1990 kinazungumzia viwavijeshi wetu wa siku zote, mdudu tofauti. Dawa zake nazo zimepitwa: endosulfan, iliyotumika sana zamani, iliingizwa 2011 kwenye Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kukomesha kemikali za sumu zinazodumu, ili ikomeshwe. Kwa hiyo kitabu kitumie kuelewa tabia za mdudu. Usajili wa dawa hakikisha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na ushauri wa shambani upo TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, si mbali na hapo.

Mwisho kagua vipimo, maana hapa hata taarifa ya kweli inaunguza mahindi. Maandishi mengi ya nje hupima kwa hekta. Lita 1 kwa hekta ni kama mililita 400 kwa ekari. Ukimwaga lita nzima kwenye ekari umezidisha mara mbili na nusu. Uliza pia pampu ni ya lita ngapi: mililita 50 za pampu ya lita 20 ni 40 kwa pampu ya 16.