Mdogo wako na goti lake

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini mdogo wako mcheza mpira, tangu aumie goti, halali, na moyo unamwenda mbio hata akipita tu karibu na uwanja wa Mkwakwani. Mimi nanoa vijana hapa Tanga, naliona hili mara nyingi mno.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia wa michezo Britton Brewer na wenzake kule Marekani waliandika juu ya jambo linalogusa hali hii: ni kwa kiasi gani mtu anajiona mwanamichezo kuliko kitu kingine chochote. Kujiona hivyo kunampa mdogo wako nguvu kweli, ndiyo maana alikuwa anaamka alfajiri bila kuitwa. Ila kukiwa ndiko pekee alikonako, kila pasi mbovu anaiona hukumu juu ya utu wake, na jeraha linakuwa msiba. Wasiwasi unapenya hapo.

Nyumbani mnamwitaje? Kama hata mama anamwita "winga", mrudishieni jina lake. Msimwambie aache mpira, mtamvunja kabisa. Awasaidie watoto mazoezini, ashike na kazi nyingine ya mikono. Na usingizi ukizidi kukataa, mpelekeni hospitali ya Bombo akaonane na daktari, goti lisiwe ndilo pekee linalotibiwa.